Dada wa Tuliyemla

Tulipanda kutoka Stockton, mimi na shemeji Badi,
kutafuta kondoo wa Idd.
Mvua ya huko hainyeshi, inaning'inia,
na kuta za mawe zimekwea milima bila saruji,
jiwe limeshika jiwe kwa kujuana tu.

Bi Coatsworth alitupokea na buti zisizolingana,
moja ya kijani, moja nyeusi.
"Mmefuata nyama au sufu?"
Badi akawahi: nyama.
"Basi tazameni sufu kwanza."

Kwetu Handeni kondoo ana singa fupi kama za mbwa,
utajiri wake kaubeba nyuma, mkiani,
unayeyushwa sufuriani, anapakwa mtoto mwenye kikohozi.
Hawa wa Teesdale mali imewamwagikia mwili mzima:
misokoto mirefu, inayong'aa
mithili ya hariri iliyoloa,
imewafunika macho wasijue nani kaja.
Uso mweupe, pua na masikio ya majivu,
kama aliyechungulia jikoni akarudi.

Nikatia mkono. Vidole vikazama hadi kwenye joto,
vikatoka na mafuta, na harufu
ya majani mabichi na koti la mtu aliyesafiri.
Sufu, nilisema peke yangu.
Nyumbani tulilalia sufi, ya mtini;
herufi moja tu yatenga mti na mnyama,
na wale waliovaa sufu wakimkesha Mungu
tukawaita kwa jina la mto wa kulalia.

"Zamani sufu ililipa kodi ya shamba," alisema.
"Mwaka huu hundi yake haikumtosha mnyoaji
hata chai."
Majirani wamehamia kondoo wa haraka, wanene.
Hawa wake hukua taratibu,
kama walioambiwa wana muda.
Hawana.
Alihesabu madume ya bonde zima kwa vidole,
kidole kimoja kikabaki wima,
hakina wa kumhesabu.

Badi, ambaye moyo wake mwepesi ingawa hukana,
akauliza: kama ni wachache hivi, si dhambi kuchinja?
Bi Coatsworth akacheka mpaka mbwa akasimama.
"Wasipoliwa wataisha, mwanangu.
Nani ataamka usiku wa theluji
kwa ajili ya pambo?
Mleni. Mleni vizuri. Mwambieni na jirani."

Akatuchagulia aliyehasiwa, wa mwaka na ushei,
aliyekwisha kunyolewa mwili,
kishada cha paji kikaachwa, ndiyo desturi yao.
Sufu yake akatupa bure, ndani ya gunia la unga.

Machinjioni, penye leseni na vigae vyeupe,
alilazwa akielekea kibla.
Husemwa kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.
Sikuona uungwana. Niliona jicho,
mara ya kwanza,
mchinjaji aliposogeza kile kishada pembeni
polepole, kama anayefunua bibi harusi.

Nyama ilifika nyumba tisa.
Ilikuwa na ladha ya majani tusiyoyajua majina.
Ama sufu, Saumu aliiosha bafuni mara nne:
maji yakatoka chai, yakatoka ukungu, yakatoka maji.
Sasa imejaa kabatini, hajui aifanye nini,
na kila mgeni anauliza kama ni mto.
Mimi nina msokoto mmoja mfukoni mwa koti la kazi.
Saa tisa za usiku, mashine zikinguruma,
naunyoosha,
unarudi ulivyokuwa.

Machi, simu. Upepo kwanza, halafu sauti yake:
"Kazaa pacha!"
Nani?
"Dada wa yule mliyemla. Wote majike."
Nikasema alhamdulillahi,
na Badi, upande wa pili wa meza,
kijiko kikiwa hewani, akauliza
kama hakuna dume.